Daftari la kusubiri

Novemba 2023, kwa siku 12 za kazi, niliweka kaunta buku kando ya kompyuta yangu nikawa naandika kila dakika niliyokaa bure nikiisubiri. Kuwasha hadi ikubali kufungua faili: dakika 7. Kufungua rekodi ya saa nzima: dakika 4. Imeganda nikirudisha sauti nyuma: dakika 2, dakika 1, dakika 3, tena dakika 2. Kuizima kwa nguvu na kuiwasha upya: dakika 9. Jioni najumlisha. Kuna siku zilifika 50, kuna siku zikapita 90. Siku zote 12 zilipokwisha nilikuwa na dakika 840, yaani saa 14.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanakwenda kwa wavuvi, wakulima, wauguzi na wafugaji, wanazungumza nao kwa Kiswahili na kurekodi. Rekodi zinanifikia kwa intaneti hapa Tanga, Ngamiani, kwenye mitaa yetu hii inayoitwa kwa namba, nami nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Wengine huomba na tafsiri ya Kiingereza. Malipo ni kwa dakika ya sauti, ukae nayo saa mbili au ukeshe nayo ni shauri lako. Wakati ule nilikuwa napata shilingi 1,500 kwa dakika, baada ya aliyenipa kazi kutoa chake. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa vizuri hunichukua saa 5 kuimaliza.

Basi nikapiga hesabu ukurasa uleule. Saa 14 zilizopotea zingenitosha kunukuu dakika 168 za sauti. Mara 1,500, ni shilingi 252,000. Kwa wiki mbili tu. Na kompyuta yenyewe nilikuwa nimeinunua 620,000.

Kwamba ilikuwa nzito nilijua siku zote. Kila anayefanya kazi kwenye kompyuta nzito anajua, na anazoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwama: unausukuma kwa bega na kuingia. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba nilikuwa naendelea kuilipia kila siku, kidogo kidogo, kwa fedha ambayo haikuwahi kupita mkononi mwangu ili niione ikiondoka.

Niliinunua Dar es Salaam mwaka 2021. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi, plastiki haijabanduliwa. Kijana wa dukani aliniambia, "Dada, hii haijaguswa na mtu, wewe ndiye wa kwanza." Neno hilo lilinimaliza. Pembeni yake kulikuwa na kompyuta nyeusi zilizotumika, nene, zenye michubuko kwenye pembe, kwa bei ileile au zaidi kidogo, nami nikazipita kama mtu anayepita nguo za mtumba akiwa na hela ya nguo ya dukani. Sikuuliza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni gani. Niliuliza kama inashika intaneti na kama inafungua Word. Vyote viwili ilifanya, na sitasema nilidanganywa.

Prosesa ilikuwa Celeron, jamii ya chini ya Intel. RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, ilikuwa GB 4, imegandishwa moja kwa moja kwenye ubao, huwezi kuitoa wala kuongeza. Hifadhi yake ilikuwa GB 64 za aina ya eMMC, ileile jamii inayowekwa kwenye simu za bei ya chini. Windows peke yake ilikula karibu nusu ya hizo GB 64, na kila apdeti kubwa ilipokuja ilidai nafasi zaidi ya iliyobaki, ikashindwa, ikajaribu tena kesho yake, ikashindwa tena, na muda wote huo mimi nasikiliza mtu akisimulia maisha yake huku sauti inakatika katikati ya maneno.

Hapo kwenye sauti ndipo panapouma zaidi, nipaeleze. Rekodi ya saa moja katika WAV, faili la sauti lisilobanwa, ubora wa kawaida wa CD, inakaribia MB 635. Programu ninayotumia inaitwa ELAN, ya bure, imetengenezwa katika taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Inachora sauti yote kama mawimbi, na mimi nabandika maneno chini ya kila wimbi. Kompyuta inapaswa kuwa na mahali pa kulishika hilo faili, kulichora, na kurudi nyuma sekunde 2 mara nitakapobonyeza. Mnukuzi hurudi nyuma mara mia na zaidi ndani ya saa moja ya sauti. Mzee mmoja anakohoa, mwingine anataja jina la kijiji, jogoo anawika, mtoto anapita na bati. Unarudi, unasikia nusu ya neno, unarudi tena kabla sikio halijalisahau. Kompyuta ikichelewa sekunde 3 katika kila kurudi, sikio linapoa. Unaporudishiwa sauti umeshasahau ulikuwa unatafuta nini, inabidi urudi mbali zaidi kuishika sentensi upya. Dakika hizo sikuwa naziandika kwenye daftari kwa sababu hazipimiki. Nadhani zilikuwa nyingi kuliko zile 840.

Na mara nyingine neno lilinishinda kabisa. Sheria ya kazi yetu ni kwamba usichokisikia usikibuni. Unaweka mabano, unaandika "haisikiki", unaweka dakika na sekunde, unaendelea. Mwezi ule wa Novemba nilikuwa na mahojiano ya wavuvi wa upande wa Pangani, na kwenye faili moja, dakika ya 47, mzee mmoja alisema wanarudi pwani "na" kitu fulani. Nilisikiliza mara nyingi sana. Sauti ilikuwa inakwaruza, upepo umeingia kwenye kinasa sauti, na nikijaribu kuipunguza kasi kompyuta inaganda. Nikaandika "haisikiki". Lilinikaa rohoni, maana mzee alilisema wazi, bila kusita, kama jambo la kila siku.

Ndio wakati huohuo wa mgao. Wanaokumbuka miezi ile ya mwisho ya 2023 watakumbuka: umeme unaondoka asubuhi, unarudi saa tisa alasiri, au unaondoka jioni na kurudi ukiwa umelala. Betri ya kompyuta yangu, mpya ilipokuwa mpya, ilikaa saa 5. Kufikia hapo ilikuwa inakaa dakika 40. Nilijipanga kuamka saa nane za usiku wakati umeme upo, ninukuu hadi alfajiri. Kisha siku moja umeme ukaondoka saa tisa za usiku, mimi nikiwa ndani ya faili, na betri ikazima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 22. Sikuwa nimehifadhi kwa muda. Kilipotea kipande cha dakika 18 za sauti, karibu saa moja na nusu ya kazi yangu.

Nilichelewesha mzigo ule siku mbili. Niliyekuwa namfanyia kazi hakunigombeza. Aliandika kwa upole kwamba anaelewa hali ya umeme, akanilipa nilichomaliza, na mafaili 11 yaliyobaki akampa mtu mwingine. Niliusoma ujumbe wake mara tatu nikitafuta mahali pa kukasirika, sikupata. Yeye ana tarehe yake na mimi sikuweza kuifikia. Nililia, kwa kweli, kwa sababu kazi yenyewe naipenda na naijua.

Ndipo nikachukua lile daftari nikaenda kwa kijumbe wetu.

Mchezo wetu una watu 20, kila mmoja anatoa elfu 50 kila baada ya wiki mbili, anayefikiwa anapokea milioni. Zamu yangu ilikuwa ya 14. Tulikuwa tumefika ya 6. Kubadilishana zamu kunaruhusiwa, lakini sharti kijumbe akubali na umpate wa kubadilishana naye, na kijumbe wetu ni mama mtu mzima ambaye hachezewi. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona uso umeshuka?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono haujaacha ungo.

"Kompyuta si unayo?"

"Ninayo mama. Ila inanila."

"Inakulaje?"

Nikamfungulia daftari. Nilitegemea nitalazimika kueleza eMMC na RAM. Hakuuliza hata moja. Alifuta mikono, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya dakika kutoka juu hadi chini kwa utaratibu uleule anaokagulia daftari la mchezo. Alipofika kwenye 252,000 akasimama.

"Hii ni kwa mwezi?"

"Wiki mbili, mama."

Akavua miwani. "Mwanangu, mbona umekaa nayo miaka miwili?" Jioni ileile akanitafutia mtu wa zamu ya 8, muuza vitenge ambaye mwezi wa kwanza hakuwa na haraka na fedha. Nilipokea milioni yangu katikati ya Januari 2024.

Nikiwa na fedha mkononi, nilikuwa tayari kwenda kununua kitu kipya tena, safari hii cha milioni. Aliyenizuia ni fundi mmoja wa hapahapa Ngamiani ambaye amekuwa akinitengenezea chaja. Aliifungua kompyuta yangu mbele yangu, akanionyesha ubao. "Tazama dada. Hapa hakuna kitu cha kutoa. RAM imegandishwa, hifadhi imegandishwa, betri imegundishwa kwa gundi. Hii ikikushinda imekushinda." Kisha akafungua nyingine ya mteja, nyeusi, nene, ya jamii zile nilizozipita dukani mwaka 2021. Skrubu chache, mfuniko ukatoka. RAM ikabanduka kwa vidole viwili. Hifadhi ikachomoka. Feni ikaonekana, ikapulizwa vumbi. "Hizi zimetengenezewa maofisi," akasema. "Ofisi ina watu elfu, kimoja kikifa fundi wao anabadilisha kipande, mtu anaendelea na kazi. Wakishazitumia miaka mitatu minne wanazitoa zote kwa mkupuo, zinapita Dubai, zinafika Kariakoo. Wewe unahitaji kompyuta ya ofisi. Huna ofisi, lakini kazi yako ni ya ofisi."

Maneno hayo yalinigeuza kabisa. Mimi muda wote nilijiona mtu wa nyumbani anayefanya kazi nyumbani, basi cha nyumbani kinatosha. Lakini nakaa kwenye kibodi saa 9 kwa siku. Sekretari wa wizara hakai zaidi ya hapo.

Nilimlipia nauli tukaondoka naye na basi la kwanza. Muheza wauza machungwa bado walikuwa wanapanga mafungu yao, Segera tukanywa chai, na njia nzima alikuwa ananifundisha. Prosesa isiwe chini ya Intel kizazi cha 8, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kizazi hicho ndicho kilichozileta kori nne, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi kwa pamoja, kwenye laptopu nyembamba za kawaida, vilivyotangulia vilikuwa na mbili. Ya pili, Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya hapo, isipokuwa chache sana, na Windows 10 ilikwishapangiwa mwisho, Oktoba 2025. "Ukinunua ya kizazi cha 6 leo unaokoa laki mbili, halafu baada ya miaka miwili unazitapika." RAM ianzie 8 na iwe na nafasi ya kuongeza. Hifadhi iwe SSD, hata ndogo, kuliko diski ya kuzunguka hata kubwa. Mengine yote, rangi, wembamba, kioo cha kugusa, aliyaita mapambo.

Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma, mawinga walitupokea kabla hatujavuka barabara. Kila mmoja ana duka la ndugu yake. Fundi alikuwa na jibu moja tu, "Tunaangalia kwanza, kaka," na alikuwa na flashi mfukoni na karatasi. Tuliingia maduka manne. Nitaeleza la tatu na la nne, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza ninachowafundisha wenzangu mpaka leo.

Kompyuta tuliyokuwa tunaitafuta ni ThinkPad T480, ya mwaka 2018. Fundi aliichagua kwa ajili ya mgao: ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nyuma inayochomolewa kwa vidole, na ukiichomoa ya nyuma kompyuta haizimi, inaendelea na ya ndani huku unaweka nyingine iliyojaa. Duka la tatu walikuwa nayo, inang'aa, wameipaka hata mafuta. Bei 700,000. Nilitaka kuichukua. Fundi akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika powercfg /batteryreport, ukatoka ukurasa mrefu. Akaniita nisome mwenyewe. Mstari mmoja ulionyesha uwezo ambao betri ya nyuma ilizaliwa nao, karibu 24,000. Mstari wa chini yake ulionyesha inaweza kubeba kiasi gani sasa: 9,000 na kidogo. Ya ndani ilikuwa mbaya zaidi. Kwa macho, betri ilikuwa imejaa, asilimia 100. Asilimia 100 ya kikombe kilichokuwa ndoo.

Kisha akanikalisha niandike. "Siyo mimi nitakayeitumia, andika wewe." Nikaandika aya nzima ya Kiswahili, na herufi "k" ikawa inagoma, mara inatoka mbili, mara haitoki. Jaribu kunukuu Kiswahili bila "k". Tukashukuru tukatoka, na mwenye duka alinuna.

Duka la nne kompyuta ilikuwa na mchubuko kwenye mfuniko na stika ya zamani iliyokwanguliwa nusu. Betri zote mbili zilikuwa juu ya 20,000 kila moja. Herufi zote zilitoka. Tuliijaza skrini rangi nyeupe kutafuta madoa, tukatikisa waya wa chaji kwenye tundu kuona kama unakatakata, tukaizima na kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo kuhakikisha hakuna neno la siri la ofisi ya zamani lililobaki. Hilo la mwisho watu hulisahau, na mashine iliyofungwa na mwenye nayo wa kwanza inaweza kukugeukia baadaye huku duka limekwisha kukusahau. Bei 760,000, tukashushiwa hadi 730,000, garantii ya miezi mitatu imeandikwa kwenye risiti na mhuri. Niliongeza RAM ya GB 8 kwa 60,000 zikawa 16, na betri kubwa ya nyuma kwa 110,000. Zikabaki laki moja. Nauli zetu wawili, chakula, na asante ya fundi, ambayo alikuwa hataki kuipokea nikamwekea mfukoni.

Tulirudi usiku. Asubuhi niliiwasha na kuandika kwenye daftari kwa mazoea: kuwasha hadi kufungua faili, dakika 1. Nikafungua rekodi ya saa nzima. Nilikuwa nimeshainua kalamu kuandika muda, mawimbi yakawa yameshachorwa. Nikabonyeza kurudi nyuma. Ikarudi. Nikabonyeza tena, na tena, nikawa nabonyeza tu bila sababu kama mtoto aliyepata kengele ya baiskeli. Siku ile yote nilijumlisha dakika 4 za kusubiri.

Fedha ilirudi lini? Niliweka hesabu. Kufikia mwisho wa Machi dakika za sauti nilizonukuu zilikuwa zimeongezeka kiasi cha kulipia kompyuta yote na betri yake. Si kwamba nilifanya kazi saa nyingi zaidi. Nilirudi kulala saa tano usiku. Shingo iliacha kuuma, maana nilikuwa na tabia ya kuinamia mashine kila ikiganda, kana kwamba kuisogelea kungeisaidia.

Mgao nao ulipungua. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, Rufiji, uliingia kwenye gridi Februari 2024, na jirani yangu akaniambia hizo betri mbili nilizipatia hasara. Sijawahi kuzijutia. Umeme wa kukatika nusu saa upo siku zote, na nusu saa ndiyo inayopoteza kazi.

Kuna kitu kompyuta haikunisaidia, na nisingependa mtu auze kiwanja akidhani mashine nzuri inatosha. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia sana. Intaneti ikawa ya kusukuma kwa siku kadhaa. Mashine yangu nzima, RAM 16, na siwezi kupakia faili la MB 20. Kilichoniokoa ni tabia niliyoanza baada ya kupoteza ule mzigo: mafaili yote ya wiki nayapakua Jumamosi usiku, bando la usiku likiwa nafuu. Nilinukuu siku zote zile bila intaneti, na maandishi, ambayo ni mepesi sana yakilinganishwa na sauti, niliyatuma kwa simu, alfajiri, yakapita. Tangu hapo nimeweka laini ya mtandao wa pili, na kabetri kadogo ka kushikilia ruta umeme ukizimika. Na diski ya nje ya kuhifadhia nakala, ambayo ningeinunua siku ileile ya Kariakoo kama ningekuwa na akili niliyonayo sasa, kwa sababu SSD ikifa haitoi mlio wa kukuonya.

Hewa yetu ya chumvi pia nimejifunza. Mwaka wa kwanza matundu ya pembeni yalianza kuota kutu ya kijani. Sasa siiachi dirishani usiku, naiweka kwenye mfuko wake, na kila baada ya miezi sita fundi anaifungua na kuisafisha. Ile kompyuta ya kwanza aliipunguzia mzigo kwa kuiwekea Linux nyepesi badala ya Windows, na mtoto wa dada yangu anaisomea. Kwa kusoma na kuandika insha inamtosha kabisa.

Oktoba 2025 ilipofika na muda wa Windows 10 ukaisha, mimi nilikuwa nimeshahamia Windows 11 zamani. Wenzangu wawili tunaofanya nao kazi hizi walikuwa wanatafuta fedha za mashine nyingine. Nilimpigia fundi kumwambia. Akacheka tu, akauliza betri ikoje.

Mtafiti yule aliyenipunguzia kazi Desemba 2023 alinirudia katikati ya 2024. Alikuwa anapitia maandishi yote ya wavuvi kabla ya kuyafunga, akaomba kila aliyenukuu apitie tena sehemu alizoandika "haisikiki". Zangu zilikuwa sita. Nikafungua lile faili la Pangani, dakika ya 47.

Nilivaa hedifoni, nikakata sekunde 2 tu za wimbi, nikaziweka zijirudie zenyewe, nikashusha kasi hadi asilimia 70. Mashine haikusita. Upepo kwenye kinasa sauti ulibaki upepo, lakini chini yake sauti ya mzee ikaanza kujitenga, kwanza "ma", kisha kitu kama "t" iliyobanwa, kisha mwisho unaopanda. Nikaacha izunguke, nikafumba macho. Nilikumbuka marehemu babu yangu, aliyekuwa akisimama mlangoni asubuhi na kuzitaja pepo kwa majina kama watu wa ukoo: kusi, kaskazi, umande.

"Tunarudi na matlai," mzee alikuwa anasema. Upepo wa kutoka mashariki, unaoleta chombo nyumbani.

Nikafuta mabano, nikaandika "matlai".